Nyati, Fisi, Mama Kiema

Jumapili, 2 Agosti 1987

Leo Jabali amekufa. Ameuawa na nyati katikati ya mto mkavu, saa tisa na nusu alasiri, ndani ya stoo ya kina Hemedi, juu ya marobota ya leso.

Hemedi hajanisemesha tangu hapo. Jabali alikuwa mtu wake.

Nieleze vizuri, maana mwakani nitasoma haya na kudhani nilikuwa na malaria. Yule mwalimu Mkanada aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni kwetu alipoondoka aliniachia sanduku. Ndani: kitabu cha mchezo na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Mmoja wetu anakuwa mwamuzi — ndiye mimi. Wengine kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, na jina lake na nguvu zake. Mwamuzi anasema: mko porini, mnaona hiki na hiki. Wao wanasema: tunafanya hivi. Dadu zinaamua. Hakuna ubao, hakuna kete, hakuna anayeshinda. Pasta alipita siku moja akatuuliza kama hiyo ni kamari. Tukasema hapana. Akauliza basi ni nini. Tukampa dadu ya pande ishirini aishike.

Majitu ya Kizungu tuliyatoa zamani. Pori letu ni hili hili, kuanzia Zombe kwenda mashariki. Kuna fisi, nyati, chatu, nyuki, wezi wa ng'ombe.

Shida ni umbali. Kitabu kinasema: mkikutana na kitu ghafla, rusha dadu mbili, zidisha kwa kumi, hizo ndizo futi kati yenu na hicho kitu mnapokiona. Leo nikarusha. Moja na moja! Futi ishirini. Jabali yuko kwenye mchanga mtupu, mbele wazi, nyuma wazi, na nyati anaonekana akiwa futi ishirini. Kabla hajachomoa upanga ameshapaa hewani.

Hemedi: "Mwalimu, hiyo nyati ilitoka wapi? Ilianguka kutoka juu?"

Nikasema dadu zimesema. Sista Mbinya wa zahanati, ambaye mtu wake hupona kila kitu, akasema nyati si panya. Kiema akasema labda alikuwa nyati mwembamba. Hemedi akaikunja karatasi ya Jabali mara nne, akaitia mfukoni, akaenda mbele kumpimia mteja kitambaa. Hakurudi.

Jumatatu, 3 Agosti

Shule zimefungwa. Nimeshinda na kile kitabu.

Hemedi yuko sahihi. Inaniudhi, lakini yuko sahihi. Aliyeandika kitabu alikuwa akifikiria mapango na giza. Hajawahi kusimama kwenye mto wetu mwezi wa nane. Umbali lazima utegemee mahali ulipo! Miiba ina umbali wake, shamba lililovunwa lina wake. Mimi ni mwalimu wa jiografia, ningepaswa kuliona hili kabla ya mtu kufa.

Jioni mjomba Kisilu alikuja. Amesema mambo yamekamilika: ntheo ni Jumamosi ya tarehe 15. Mbuzi wako tayari kwake. Tukishawapeleka nyumbani kwa kina Mutindi na kupokelewa, Mutindi ni mke wangu mbele ya kila mtu, hata mbele ya wanaodhani mwalimu hawezi kuoa.

Akanikumbusha habari ya nthoni. Kuanzia siku hiyo mimi na mama yake Mutindi, yaani Mama Kiema, hatutakutana uso kwa uso. Nikimwona njiani naingia kichakani upande huu, naye anaingia upande ule, mpaka kila mmoja apite. Hatusemezani. Tukilazimika kusema, tunapitia kwa mtu wa tatu. Mjomba akasema vijana wa siku hizi wanacheka haya, lakini Mama Kiema hachekagi. Kwa kweli Mama Kiema ameshaanza. Tangu Juni akiniona sokoni anageukia vitunguu.

Nimesema nimeelewa. Nina furaha. Naandika hivyo wazi, maana siku nyingi siandiki.

Jumatano, 5 Agosti

Kazi ya leo: kupima. Niliazima tepu ya shule, ile ya kupimia uwanja. Kiema akafunga kibanda chake cha baiskeli, akaja kuwa nyati. Kiema ni kaka yake Mutindi, na hukubali lolote kabla hujamaliza kuuliza.

Utaratibu: mimi nasimama. Kiema anakwenda mbali, anainama, anakuja kwa mikono na magoti. Nikimwona napaza sauti, anakaa hapo hapo, tunapima.

Kwenye miiba: hatua ishirini na kidogo. Mara moja kumi na moja, lakini hapo nilimsikia akipiga chafya kwanza, kwa hiyo hiyo nimeifuta. Kwenye shamba lililovunwa tepu haikutosha. Kwenye mto mkavu hakuna cha kurusha dadu: anayetokea kwenye kona anaonekana akiwa kwenye kona. Basi.

Mzee mmoja alipita na ng'ombe wake. Kiema alikuwa kwa magoti. Tukamsalimu. Akaitikia kwa heshima, kisha akawachapa ng'ombe waende haraka.

Nikampelekea Hemedi habari dukani. Nikamwambia ulikuwa sahihi. Akaweka mkasi chini, akauliza, kwa hiyo Jabali yuko hai? Nikasema hapana. Sheria mpya inaanza leo, na Jabali alikufa Jumapili. Kipimo ni kipimo.

Hemedi akanitazama sana. "Bwana, wewe ungekuwa hakimu, Kitui yote ingehamia Garissa."

Kiema alikuwa nyati mzuri. Ana miiba kwenye magoti yote mawili.

Jumamosi, 8 Agosti

Mutindi amekuja kutoka Kitui, ana siku moja tu. Yeye ni karani wa posta. Hachezi mchezo wetu. Anasema watu wa kweli dirishani wanamtosha. Ameniletea koti la kijani la mtumba, zuri, mifuko minne. Shajara hii inaingia kwenye mfuko wa ndani bila kukunjwa.

Nilimweleza habari za umbali. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ndilo linanifanya nitake kumwoa. Kisha akauliza: mara ya kwanza wewe uliniona kwa umbali gani? Nikasema futi tatu, kukiwa na wavu katikati, nikinunua stempu. Akasema yeye aliniona nikiwa bado nje ya mlango, nikibishana na mtu juu ya nani alitangulia kwenye foleni.

Sikujua! Miaka mitatu sikujua.

Nikamwacha akicheka, nikaandika: KILA UPANDE UNA UMBALI WAKE. Kitabu kinarusha mara moja tu, kana kwamba mkimwona nyati naye amewaona. Siyo kweli. Inatakiwa kurusha mara mbili.

Alipokuwa akiondoka alisema mama yake ana wasiwasi siku hizi, amekuwa mkali, hataki kusaidiwa hata kuchambua maharage. Akasema pia, kwa mara ya pili tangu tujuane, kwamba hataolewa mahali ambapo mama yake hana amani. Nikasema kwa nini akose amani.

Jumapili, 9 Agosti

Jedwali jipya limesomwa rasmi stoo. Miiba, shamba, mto, njia ya ng'ombe. Kwa kila mnyama, umbali wa kumwona na umbali wa kuonwa. Fisi anakuona wewe kwanza karibu kila mara. Nyuki huwaoni, unawasikia. Hemedi alikuja — bila karatasi, alisema amekuja kuangalia stoo ya baba yake tu.

Wakaanza utani. Kiema akasema jedwali halijakamilika. "Weka mama! Huyo ndiye Mwalimu anaogopa kuliko nyati." Kila mtu akacheka. Nikasema haya. Nikamwingiza kati ya fisi na nyuki: Mama Mkwe. Akikuona kabla hujaingia kichakani, unapoteza heshima, unatoa mbuzi. Hemedi akacheka mpaka akaegemea robota. Nilifurahi kumwona akicheka, kwa hiyo nikaendelea. Nikamuuliza Kiema mama yake anamtambua mtu kwa umbali gani, nijaze ile safu. Kiema akasema hajui, ataangalia.

Mbinya hakucheka. Alisema, "Hiyo toa, Mwalimu." Nikasema ni mzaha. Akakusanya vitu vyake akaenda zahanati, ingawa Jumapili ni zamu ya mwenzake.

Jumanne, 11 Agosti

Mambo yameharibika.

Kiema alikuja asubuhi na spana mkononi, hata hakujua ameishika. Jana jioni alifanya kipimo. Alimkalisha mama yake kwenye kigoda uani, akachukua sufuria, akarudi nyuma hatua chache. "Mwaitu, hii ni nini?" Sufuria. Akarudi tena. Na hii? Sufuria. Akarudi mpaka kwenye boma la mbuzi, akabadilisha, akainua kibuyu. Na hii? Sufuria. Kiema akacheka, akadhani mama amechoka na mchezo. Mama akauliza, mchezo gani huu? Na Kiema, ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu alipozaliwa, akamweleza yote. Jedwali, safu, mbuzi, fisi upande mmoja na nyuki upande mwingine.

Mama Kiema akainuka, akaingia ndani. Chakula hakikupakuliwa.

Saa saba mjomba Kisilu akafika, hakukaa. Ujumbe kutoka kwa Mama Kiema: ntheo ya Jumamosi isimame. Mbuzi wasiletwe. Na macho yake hayamhusu mtu, awe na tepu au asiwe nayo.

Mjomba akauliza, ni kweli umemweka pamoja na fisi? Nikasema kati ya fisi na nyuki. Akauliza kama huko ndiko kujitetea.

Nikasema nitakwenda kumwomba msamaha mwenyewe. Mjomba akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya maji. Nitasimama wapi? Nitamwambia nini na siruhusiwi kumwambia kitu? Akasema ningoje, wazee watazungumza. Wazee wakianza kuzungumza ni mpaka mvua za Novemba.

Naogopa. Mutindi atakuja Ijumaa kwa ajili ya ntheo na atakuta hakuna ntheo. Na alishaniambia, mara mbili, habari ya amani ya mama yake.

Jumatano, 12 Agosti

Nimeifuta Mama Mkwe kwenye jedwali. Bado inasomeka. Nimebandika karatasi juu yake. Sasa inaonekana kama ndiyo muhimu kuliko zote.

Nilikwenda zahanati kumuuliza Mbinya alijuaje kwamba itakuwa hivi. Alikuwa akihesabu bandeji. "Mimi habari za watu wanaokuja hapa sitoi. Lakini nilikuambia utoe." Nikasema nimetoa. Akasema nimetoa nikiwa nimechelewa. Akarudi kwenye bandeji zake, nami nikaona bado amekasirika.

Hemedi alinitumia chai kutoka dukani. Nadhani amenihurumia. Ndivyo nilivyoanguka: ninahurumiwa na mtu niliyemuua.

Alhamisi, 13 Agosti

Saa nne na robo asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya kichaka cha miiba kando ya mto. Siwezi kutoka. Nitaeleza kwa utaratibu, pengine nitatulia.

Nilikuwa nakwenda kwa mjomba ng'ambo ya mto kumsihi awaharakishe wazee. Mkobani nina tepu, nilitaka kuirudisha shuleni nikitoka huko. Nikateremka mtoni. Nikiwa katikati ya mchanga, Mama Kiema akatokea kwenye kona. Peke yake, na punda wake na mitungi ya maji kutoka visimani. Nilimjua papo hapo kwa leso ya manjano.

Nikasimama. Nikasema moyoni: ameniona, sasa atakwenda kando, nami nitakwenda kando, tutapitana kama watu wenye adabu. Nikamwachia yeye aanze, kwa heshima.

Hakwenda kando. Akaendelea kuja.

Nikadhani amevunja nthoni kwa makusudi, anakuja kunigombeza hapo hapo mchangani. Nikabaki pale pale. Akaja tu, taratibu, na alivyokaribia nikaona uso wake. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliye peke yake, anayewaza kama chumvi imebaki nyumbani. Midomo yake ilikuwa ikiimba kitu kidogo.

Hatua nane. Punda ndiye aliyesimama. Akakoroma. Ndipo Mama Kiema akainua uso, akakunja macho, akashtuka mpaka fimbo ikamwanguka.

"Nani?"

Nani! Mimi! Mimi ambaye amenikwepa sokoni tangu Juni.

Sikujibu, nilijua siruhusiwi. Nikakohoa. Nadhani alinijua kwa kikohozi. Akajifunika uso kwa leso akaingia kichakani upande wake akiwa ametanguliza mikono. Mimi nikaruka huku kwangu. Punda akabaki katikati.

Sasa naelewa sufuria na kibuyu. Naelewa vitunguu — sijui tena ni mara ngapi aligeuka kwa nthoni na mara ngapi hakuniona kabisa. Namwelewa Mbinya. Huyu mama hakukasirishwa na fisi. Alikuwa ameficha jambo moja, peke yake, na mimi nikalitengenezea safu, nikamtuma mwanawe alipime mbele ya mbuzi. Naona aibu, na si ile aibu ya nthoni. Moyo unaniuma kweli.

Kisha akaanza kusema kwa sauti. Alikuwa akimwambia punda.

"Wewe punda. Huko kwa watu wa shule wanasema mimi sioni. Waambie nilimwona tangu kwenye kona. Na hiyo shati yake nyeupe. Nilinyamaza nione kama iko na adabu."

Nimevaa koti la kijani. Nimelifunga mpaka shingoni kwa sababu ya upepo. Shati langu jeupe liko kwenye kamba nyumbani.

Ni hatua nane. Tepu ninayo hapa. Ningeweza kusubiri aondoke na kupima alama za miguu, zake na zangu, ziko wazi kabisa mchangani.

Nikasema kwa sauti, "Wewe punda, mwambie Mama ni kweli. Aliniona tangu kwenye kona. Mimi ndiye nilikosa adabu, nikasimama njiani."

Punda akatingisha sikio.

"Muulize kama ataandika hivyo," akasema.

"Mwambie ataandika."

Nimeandika. Mama Kiema, mto mkavu: anaona tangu kwenye kona. Ndiyo ya mwisho, hakuna kurusha dadu. Na Jabali wa Hemedi yuko hai, aliona nyati mapema akapanda ukingo. Nimeandika hiyo pia, maadamu kalamu iko wazi.

Nilidhani Mama Kiema anajiandaa kutoka. Kisha nikamsikia akisema, chini chini, na safari hii hakutanguliza punda:

"Mutindi asijue."

Sijajibu. Mutindi anashuka kesho. Nitamwangaliaje nikinyamaza? Na nikiahidi kisha niseme, nitakuwa nimemwambia mama yake uongo mara mbili kichakani. Mbinya anasema nini kwa watu wa namna hii? Kuna daktari Kitui? Nani atampeleka bila yeye kujua kwamba anapelekwa?

Punda amechoka kutusikiliza. Ameanza kutembea na mitungi yote, na hajashika njia ya nyumbani. Amekuja huku kwangu, anakula majani ya kichaka hiki hiki, pua yake iko karibu na daftari.

Mama Kiema ametoka kichakani. Namwona kupitia miiba. Anamwita punda wake kwa upole, ameinua mkono, na uso ameuelekeza kule kwenye kona.